Kibali Nilichomnyima Mzee Sichone

Wiki niliyokabidhi baiskeli ya serikali, vijana wa kituo walinijia nyumbani wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ya ulinzi wa mifugo ilivyokuwa tulipoianza sisi. Nadhani walitaka habari za sindano na chapa za moto. Zimo humu, kidogo. Lakini kila nikishika kalamu anakuja mtu mmoja, anaketi mbele yangu, wala hataki kuondoka mpaka nimwandike. Basi nitaanza na yeye. Habari za vyeo waulizeni wanaozikumbuka.

Niliingia kazini miaka michache kabla ya vita vya pili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mtoto wa wakulima wa Mbozi, nimesoma shule ya misheni mpaka madarasa yakaisha. Bwana Mifugo, Mzungu aliyekaa Mbeya na kutukagua mara moja kwa mwezi, alinipa koti la kaki, themometa moja ndani ya kibweta cha bati, kitabu cha vibali, na maneno machache: "Utakaa na Sichone. Fanya anavyofanya." Nikapanda lori, juu ya magunia ya mahindi, mpaka Tunduma. Siku zile Tunduma ilikuwa maduka manne, kizuizi cha barabara na upepo.

Kazi yetu ilikuwa kuzuia sotoka isivuke mpaka. Kwa msomaji asiye wa kazi hii, sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe usiojua huruma. Ukiingia zizini leo, baada ya wiki tatu mwenye zizi anabaki na ngozi. Kuuzuia hakukuwa rahisi, kwa sababu upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na upande wetu ni watu wale wale. Ng'ombe hawajui mpaka, na wakwe hawautambui. Kila aliyetaka kuhamisha mnyama ilimpasa aje kwetu, wanyama wakaguliwe, apewe kibali chenye mhuri.

Mzee Sichone alikuwa amepita hamsini. Mfupi, miguu mitupu, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Alikuwa Mnamwanga wa Chapwa, kijiji cha jirani, mimi Mnyiha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yetu. Chake alikiokota vita vya kwanza akibeba mizigo ya jeshi, kikawa Kiswahili cha amri: inua, tua, nyamaza, twende. Changu kilikuwa cha misheni, kimejaa tafadhali. Kusoma hakujua. Nami, nikiri, siku ya kwanza nilipolijua hilo nilijisikia mrefu kidogo.

Asubuhi yangu ya kwanza waliletwa ng'ombe thelathini. Nikatoa themometa, nikaanza kupima mmoja baada ya mwingine, jasho likinitoka. Mzee Sichone alipita katikati ya kundi, mikono nyuma, kama mtu anayetembelea shamba la jirani. Akarudi akakaa juu ya gogo.

"Yule, na yule mwekundu," alisema.

Mimi nilikuwa nimefika wa kumi na moja. Saa sita nilimaliza, na waliokuwa na homa walikuwa wawili: yule, na yule mwekundu.

"Umejuaje, mzee?"

"Pua kavu. Na yule mwekundu hacheui."

"Sasa mbona uliniacha nipime wote?"

"Ulikuwa unafurahi."

Wawili wale walikuwa na ndigana, ile homa ya kupe, si sotoka. Alinishika mkono akausukuma chini ya sikio la ng'ombe, akanikandamizia vidole mpaka nikahisi uvimbe. "Hapa ndipo inapokaa ndigana. Tezi inavimba kama yai la njiwa. Ukiikosa hapa, tafuta jina jingine." Mpaka leo nikimshika ng'ombe, vidole vyangu huanzia pale bila kuniuliza.

Naye alijifunza kwangu, ingawa kwa njia zake. Baada ya miezi miwili aliniuliza, akitazama pembeni, ule uzi wa fedha ndani ya kioo ulikuwa unasema nini. Nikamfundisha tarakimu. Alizishika upesi, akawa anajua kabisa kwamba, kwa digrii za Fahrenheit, mia moja na moja na nusu ni ng'ombe mzima na mia na tano ni matata. Herufi alizikataa. Alisema ni nyingi mno na hazina kazi na ng'ombe. Jambo la kufungia themometa uzi wenye kibanio cha kushika mkia tulijifunza pamoja, siku ng'ombe wa mzee mmoja wa kanisa alipoondoka nayo ikiwa ndani yake. Vijana, fungeni uzi.

Karani wa kizuizini, kijana wa umri wangu, alinicheka mara nyingi. "Umekosa wa rika lako, Nzowa? Kila Jumapili uko Chapwa kwa yule mzee." Ukweli ni kwamba tulikuwa tunatembea. Watu wawili wakitembea maili kumi na mbili kwa siku, msimu baada ya msimu, ama watagombana ama watapatana, na sisi tulifanya yote mawili. Niligundua kwamba nilikuwa nikimwambia mambo ambayo baba yangu, mtu mwema, asingeyasikia bila kuyageuza mahubiri.

Sasa nafika kwenye kesi ile.

Ilikuwa wakati wa vita, mvua zimekolea. Kijana wa kwanza wa Mzee Sichone, jina lake Filemoni, alikuwa aoe binti wa ng'ambo, upande wa Nakonde. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari, wako kwenye zizi la mdogo wake mzee, mwendo wa saa mbili kutoka kituoni, kando ya kijito. Walikuwa kumi na wanne, na Mzee Sichone alikuwa amewakusanya kwa miaka mingi, ndama mmoja hapa, mtamba mmoja pale. Siku mbili kabla ya kuwavusha nilikwenda kuwakagua peke yangu, kwa kuwa yeye alikuwa nyumbani na wageni. Nilikwenda kwa moyo mweupe. Niliona ni kazi ya kupiga mhuri tu.

Wawili walikuwa na homa ya mia na tano. Macho yao yalitoa machozi kidogo. Walikuwa bado wanakula. Nikatia vidole chini ya masikio, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Tezi hazikuvimba.

Mchana alikuja kituoni, amevaa koti safi. "Andika," alisema akikaa. "Wakwe wanangoja."

"Siandiki, mzee."

Alidhani namtania. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Ni ndigana inayoanza."

"Nimetia vidole pale uliponionyesha. Hakuna kitu."

"Itavimba kesho. Mimi nimechunga ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa. Sijanusa harufu ya sotoka kwao. Andika."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilimheshimu mtu yule kuliko mtu yeyote kati ya Mbozi na mpaka. Nikasema, "Mzee, ng'ombe hawa wangekuwa wa mtu mwingine, ungesemaje?"

Alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakuniaga. Katika miaka yote tuliyofahamiana ndiyo mara pekee aliyoondoka bila kuniaga.

Hapa vijana msinifuate. Ilinipasa kupeleka habari Mbeya siku ile ile. Niliandika barua, nikaitia mfukoni. Kesho yake lori likapita kwenda Mbeya nami nikaliangalia likipita. Nilijiambia huenda mzee hakukosea, huenda tezi zitavimba. Kwa kweli nilikuwa naogopa kwamba barua ile ikishaondoka, urafiki wetu umekwisha. Na nilijua pia kwamba kibali si ukuta. Njia za porini zilikuwa nyingi, naye alizijua zote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzilinda. Siku mbili nzima nilifanya kazi macho yangu yako kwenye vichaka vya upande wa mpaka.

Asubuhi ya tatu nilimwona anakuja. Alisimama mbali, kama hatua arobaini, akainua mkono.

"Usisogee. Nguo zangu zimetoka zizini."

Nikasimama.

"Nimefungua vinywa," alisema. "Ufizi umeshika pumba. Harufu imeanza."

Pumba ndivyo tulivyoviita vile vidonda vidogo vyeupe vinavyoganda mdomoni kama pumba za mahindi. Ukiviona humuulizi mtu tena.

"Ulikuwa uwavushe?" nilimuuliza.

"Leo alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kata fimbo za kuwaswagia. Nikasema niwatazame kwanza kama ng'ombe wa mtu mwingine. Andika barua ya Mbeya."

"Imekwisha andikwa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ninayo mfukoni."

Alinitazama. "Basi tumekuwa wajinga wote wawili," alisema, akageuka akarudi alikotoka.

Barua iliondoka na lori la mchana. Bwana Mifugo alikuja na masanduku ya dawa yaliyofungwa kwa blanketi zilizoloweshwa maji ili yasipate joto. Tulichanja ng'ombe wa vijiji vyote vya jirani, tukichemsha sindano kwenye sufuria ya mke wa mchungaji wa kanisa na kuwapiga chapa waliochanjwa. Sikupata kufanya kazi kama ile kabla wala baadaye. Zizi la wagonjwa lilifungwa, na Mzee Sichone alijifungia humo pamoja na mdogo wake. Hakuna aliyemwamuru. Alisema anayewashika wagonjwa asiende kuwashika wazima, na kwamba ng'ombe wake hawatakufa mikononi mwa mgeni.

Walikaa mle wiki sita. Kila asubuhi, kabla ya doria, nilikwenda mpaka kwenye kijito na kusimama ng'ambo ya huku, yeye akaja ng'ambo ya kule. Niliacha chakula juu ya jiwe: unga wa ulezi, maharage, chumvi, uyoga mvua ilipoutoa. Aliniambia nani amekufa usiku ule, akiwataja ng'ombe kwa majina. Mimi nilimsomea gazeti, kwa sauti kubwa ili nisikike juu ya maji. Lilikuwa la mwezi uliopita lakini hakujali. Alisema vita haviharibiki kama maziwa.

Filemoni alinijia kituoni wiki ya pili. Alikuwa karibu wa umri wangu, mwenye mabega. Alisimama mlangoni hakuketi.

"Wewe ndiye uliyemfunga baba yangu," alisema. "Kalamu yako."

Nilimwambia ndiyo. Akaondoka.

Siku iliyofuata nilimweleza mzee, ng'ambo ya kijito. Alichuchumaa akawa anachora matope kwa kijiti.

"Akija hapa, nimwambie nini?"

"Unataka kumwambia nini?"

"Kwamba ng'ombe huzaa tena. Avumilie."

"Ukimwambia hivyo," nilisema, "atasikia kwamba wewe unahesabu ng'ombe, naye anahesabu miaka."

"Wewe ungetaka kusikia nini? Umri wenu ni mmoja."

Nilifikiri. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la namna ile, wala sikuwahi kujiuliza mwenyewe. "Ningetaka kusikia kwamba baba naye ameumia."

Alikivunja kile kijiti, akatupa vipande majini. "Hilo ni gumu kumwambia mtoto," alisema.

"Mimi umekwisha niambia. Kila siku unaniambia, mmoja mmoja, kwa majina."

"Wewe ni rafiki," alisema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

Filemoni alikuja siku tatu baadaye. Niliwaacha, nikapanda juu ya kilima nisisikie. Nilichoona ni mzee akisema kwa muda mfupi, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kisha Filemoni, aliyekuwa amesimama na mabega yake, akachuchumaa ukingoni mwa maji. Walikaa hivyo, wote wawili wamechuchumaa, maji katikati. Tangu siku ile Filemoni ndiye aliyeleta chakula, mimi nikabaki na gazeti.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimemchumbia Tabita, binti wa mwalimu wa Mbozi, na nilikuwa naogopa. Mtu wa doria halali nyumbani kwake, na akilala ananuka zizi. Baba yangu angesema, oa. Mchungaji angenipa mstari wa kusoma. Mzee Sichone alisikiliza yote kisha akasema, "Mbona unaniambia mimi? Mimi simwoi. Mwulize yeye kama anaweza kukaa na mtu anayenuka ng'ombe."

Nikamwuliza. Tabita akasema amekulia katika nyumba inayonuka chaki, na angependa kubadilisha.

Kati ya ng'ombe kumi na wanne walipona watatu. Ugonjwa haukuvuka kijito. Mazizi yote tuliyochanja yalisalimika, na ng'ambo, kwa wakwe, hawakupoteza hata ndama. Ndoa ya Filemoni ilingoja miaka miwili. Baba wa binti alipopata habari kamili alisema atapokea wale watatu na wengine wataletwa kadiri wanavyozaliwa, maana mtu aliyekataa kumletea ugonjwa amekwisha mpa ng'ombe wote alio nao. Sikuwepo aliposema, lakini Mzee Sichone alinisimulia mara nyingi, na kila mara maneno ya mkwe yalikuwa yameongezeka kidogo.

Vita vilipokwisha alistaafu, nami nikahamishiwa upande wa Mbozi. Tuliandikiana, yaani mimi niliandika na Filemoni akamsomea, kisha Filemoni akaandika aliyoambiwa. Barua zake zilikuwa kama Kiswahili chake: "Mvua nzuri. Goti baya. Njoo."

Mwaka ule surua ilipopita Mbozi, mimi na Tabita tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza, Eliza, aliyekuwa anaanza kuzungumza vizuri. Sitaeleza mengi. Watu walikuja na kusema yanayosemwa. Siku ya sita, mchana, nilimwona Mzee Sichone anaingia uani. Alikuwa ametembea kutoka Chapwa, siku mbili na nusu kwa goti lile, kwa sababu lori halikupita naye hakutaka kungoja. Alinishika mkono, akaingia ndani akamshika mkono Tabita, akatoka akaomba maji. Hakusema neno lolote la kufariji. Asubuhi alitaka aonyeshwe shamba letu la kahawa.

Alikaa kwetu wiki tatu. Alipalilia, alipasua kuni, alipogoa mikahawa bila kujua, akakata matawi mazuri akaacha mabaya, na hakuna aliyemkataza. Tabita, ambaye alikuwa hazungumzi, siku moja alitoka nje akamwambia, "Baba, si tawi hilo." Akamwonyesha. Akaendelea kumwonyesha mti baada ya mti mpaka jua likashuka. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza na kitabu changu cha vibali, nikijifanya naandika.

Nimekuwa na marafiki wa rika langu, na wazuri. Tumeoa pamoja, tumehangaika pamoja, na tulipofiwa tulifiwa wote tusijue la kufanya. Yeye alikuwa amekwisha pita huko na kurudi, na akaja na jembe. Naye aliniambia, siku ya kuondoka, kwamba wazee wenzake wa Chapwa wanazungumza juu ya magoti na waliokufa, na kwamba amekuja kwangu pia kupumzika.

Alifariki miaka mingi kabla sijastaafu. Filemoni alimtuma mtu kwa baiskeli. Nilifika Chapwa asubuhi ya mazishi, uwanja umejaa, watu wametoka mpaka ng'ambo. Wanaume walikuwa wameketi kwa makundi, kama ilivyo desturi. Karibu na mlango walikuwa wazee wa rika lake, kama saba hivi, kwenye mikeka. Kando walikuwa wana na wakwe. Mbali kidogo, chini ya paa la ghala, watumishi wa serikali na wageni.

Msimamizi wa shughuli, mpwa wake ambaye hakunifahamu, aliniuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?"

Nikasema nilifanya naye kazi.

"Basi wafanyakazi ni kule ghalani."

Filemoni alikuwa amesikia, akaja. "Huyu si wa ghalani. Akae nasi, wana."

Mpwa akasema mimi si wa ukoo, na wana watapokea rambirambi za ukoo, itakuwaje? Wakaanza kubishana kwa sauti ya chini, na mimi nikiwa nimesimama katikati na kofia mkononi, natamani kwenda ghalani mambo yaishe. Hapo Mama Nakamba, mjane wake, aliyekuwa ndani na akina mama, akatoka mlangoni. Alitutazama wote watatu.

"Mnagombania nini?"

Mpwa akamweleza.

"Mume wangu alikuwa akimwambia mambo huyu," alisema Mama Nakamba, "mambo ambayo hao wana hawayajui, na mengine hata mimi siyajui. Aketi na wazee."

Akarudi ndani.

Nilikuwa na miaka arobaini, kichwani sina mvi hata moja. Nilikwenda nikasimama mbele ya mikeka, nikapiga magoti, nikawasalimu. Walinitazama. Kisha mzee mmoja mwenye jicho bovu akavuta miguu yake kwa taabu, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na mwenzake akasogea. Nikaketi. Aliyekuwa akizungumza akaendelea pale alipoachia, kuhusu mvua za mwaka ule na kama ulezi utafaa, na alipomaliza akanigeukia akaniuliza kwetu Mbozi imenyesha vipi. Nikamwambia.